Kunyoosha picha za hati za kale: yanayosemwa na yaliyo kweli

Siku hizi karatasi za mababu zikitolewa kabatini Mji wa Kale, Mombasa, kinachotangulia ni simu. Picha zinapigwa, zinatumwa kwenye kundi la familia, na ushauri unaanza kumiminika.

“Programu itanyoosha yote.” Kugusa pembe nne za ukurasa kunarekebisha mwinamo wa kamera tu, tena ukurasa uwe bapa. Kitabu kilichoshonwa huinuka karibu na mshono, mistari ikapinda na maneno ya ndani yakabanana. Hapo inatakiwa programu inayofuata mpindo wa mistari yenyewe, kama ScanTailor Advanced, ambayo ni ya bure. Neno lililozama mshononi halikupigwa picha, basi hakuna cha kunyoosha.

“Wino uwe mweusi tii, karatasi nyeupe pe.” Hili ndilo linaloniudhi. Hati zetu nyingi za zamani ni za khati ya Kiarabu, na humo ba, ta, tha, nun na ya zikiwa mwanzoni au katikati ya neno zina umbo moja; zinatofautishwa na nukta. “Bibi” na “nini” zikiandikwa kwa herufi ya inayovuta sauti, mwili wao ni ule ule. Programu inayoondoa rangi huamua kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, ni wino au ni karatasi, na nukta iliyofifia huhesabiwa uchafu. Tundu la mdudu nalo hugeuka nukta! Utata tayari upo katika alama za irabu: kasra hubeba i na e, dhumma hubeba u na o. Msomaji wa shairi atasaidiwa na vina na mizani. Msomaji wa barua ya deni hana msaada huo. Iache rangi ibaki.

“Ikishanyooka, futa ile ya kwanza.” Kila unapozungusha picha kidogo ili inyooke, au kuikunjua, pikseli hukadiriwa upya na ncha za herufi hulegea. Ukihifadhi JPEG (faili ya picha iliyobanwa) juu ya JPEG, hali huzidi. Miswada ya tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alizokusanya mmisionari W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, iko katika chuo cha SOAS, London. Walio wengi Mombasa watakutana nayo kwa picha tu. Picha ghafi ikipotea, watu hao watahakiki kwa kitu gani?

“Akili unde itajaza palipotoboka.” Itajaza, kwa kubuni. Kwa picha ya harusi sina neno. Kwa hati ya wakfu, huko ni kughushi.

Kuhusu dpi, yaani vitone kwa kila inchi: 300 hadi 400 zinatosha maandishi ya kawaida, na 1200 haziondoi mpindo.

Kazi kubwa iko kabla ya kubonyeza. Kitabu kisilazimishwe kulala bapa. Kiegemeze kwa mito pande zote mbili, upige kila ukurasa peke yake. Simu iwe sambamba na ukurasa, mbali kidogo, maana lenzi pana ikikaribia hupindisha kingo. Na rula ilazwe kando ya ukurasa, ionekane pichani: programu ya pembe nne inaweza kuurefusha ukurasa bila wewe kutambua.