Je, wajua? Maji unayokunywa wewe yanaweza kumziba samoni pua

Kwa miaka mingi nilikuwa na kipimo changu cha maji machafu: samaki wakielea tumbo juu, maji yameharibika, wasipoelea, mambo shwari. Ndiyo maana niliposoma mara ya kwanza kuhusu mvutano wa mgodi wa shaba kule Alaska, hofu ya wavuvi kwamba shaba yake ingewadhuru samoni haikuniingia akilini. Shaba si sumu ya panya. Mwili wenyewe unaihitaji kidogo, nyumba nyingi duniani zina mabomba ya shaba, na Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 katika kila lita ya maji ya kunywa. Nikajiambia, kama mimi nayanywa na kushushia pilau, samaki atashindwaje kuogelea humo?

Nilikosea mara elfu moja, na hapo sitii chumvi. Katika majaribio yaliyofanywa Marekani, samoni wachanga wa aina ya koho waliwekwa kwenye maji yaliyoongezwa mikrogramu 2 tu za shaba kwa lita, yaani sehemu moja ya elfu ya kile ninachoruhusiwa kunywa. Chukua bwawa la kuogelea la Olimpiki, lita milioni 2.5, ukoroge humo gramu 5 za shaba: uzito wa kijiko cha chai cha sukari. Saa chache zilitosha. Samaki waliogelea kama kawaida, ila uwezo wao wa kunusa ulikuwa umeshuka.

Tofauti yetu ni kwamba mimi maji nayameza, na tumbo na ini langu vina namna ya kuishughulikia shaba. Samoni anayanusa.

Pua ya samoni haihusiki na kupumua. Kila upande ina matundu mawili. Maji huingia kwa moja na kutoka kwa jingine, yakipita juu ya mikunjo iliyojipanga kama petali za ua. Kwenye mikunjo hiyo kuna seli za neva ambazo ncha zake zimetokeza kwenye maji yenyewe. Neva nyingine za mwili zimefunikwa na ngozi na nyama. Hizi ni kama mlinzi asiye na kibanda: ili amtambue anayekuja, lazima asimame nje getini, na akisimama nje, vumbi lote la barabarani ni lake.

Sasa kumbuka kipindi cha korona. Walikuwepo watu waliopona kabisa, wakarudi kazini, wakabeba mizigo yao, lakini wali unaungua jikoni nao wamekaa sebuleni hawana habari. Ukiwapima joto, wazima. Samoni mwenye shaba puani ni mzima wa namna hiyo, isipokuwa kwake wali unaoungua ni meno ya samaki mkubwa. Ngozi ya samoni mchanga ikichanika, hutoa kemikali ambayo wenzake wakiinusa hutulia tuli, kwa sababu anayetikisika ndiye anayeonekana. Waliokaa kwenye shaba waliendelea kuzungukazunguka kama vile hakuna kilichotokea. Walipowekwa pamoja na samaki mla nyama aina ya trauti, walikamatwa upesi kuliko wenzao.

Pua hiyohiyo ndiyo humrudisha nyumbani, yaani mto alikoanguliwa, anapotoka baharini kwenda kutaga. Arthur Hasler, mwanabiolojia wa Wisconsin, alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia akipanda milima ya Utah, pale harufu ya maporomoko ya maji ilipomrejesha ghafla utotoni. Baadaye kundi lake lilizoesha samoni wachanga harufu ya kemikali iitwayo mofolini, likawaachia Ziwa Michigan, kisha likaitia kidogo kwenye kijito. Walipokomaa, walikwenda kijito hicho, kitu ambacho bado kinanichekesha kidogo. Huko baharini ushahidi unaonyesha wanasaidiwa na usumaku wa dunia. Pua hushika usukani wanapokaribia mto. Ni kama mwenyeji wa Mji Mkongwe umeme ukikatika: hapa udi, pale samaki wa kukaanga, mbele mtaro, kona ya pili mkate wa ufuta. Hakuna harufu ya mtaa wake peke yake, lakini zikifuatana hivyo anajua kafika.

Hapa niende polepole. Majaribio mengi yalihusu koho wachanga maabara, na mito halisi huwa na masalia ya mimea yanayoishika shaba na kupunguza makali yake. Seli za pua pia huota upya shaba ikiondoka. Kuhusu samoni wazima, kisa ninachokipenda ni cha mto Northwest Miramichi, Kanada, miaka ya 1960: uchimbaji wa madini ulipoanza karibu na chanzo chake, samoni wengi kuliko kawaida walipanda mto kisha wakageuza kurudi chini kabla ya kutaga. Lakini hao ni samoni wa Atlantiki, na shaba ilichanganyika na zinki.

Turudi Alaska. Ghuba ya Bristol hupokea karibu nusu ya samoni wote wa aina ya sokai duniani. Mwaka 2022 walirudi takriban milioni 79. Mwamba wa Pebble, wenye shaba na dhahabu ambazo mgodi ule ungechimba, umelala kwenye vyanzo vya mito Nushagak na Kvichak inayomwaga humo. Shaba hiyo imefungamana na salfa, na mwamba wa salfa ukisagwa ukakutana na hewa na mvua hutengeneza asidi inayoikokota shaba nje. Januari 2023 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilipiga marufuku kutupa taka za mgodi huo kwenye maji ya eneo hilo, na kampuni pamoja na serikali ya jimbo wakaenda mahakamani. Nilidhani uamuzi ulisimama juu ya pua. Hapana, msingi wake mkubwa ulikuwa vijito vyenyewe, vipatavyo kilomita 160, ambavyo vingefukiwa au kukaushwa.

Mafuta na gesi vya baharini katika ghuba hiyo vilikuwa vimezuiwa tangu Desemba 2014, Rais Obama alipoyaondoa maji yake kwenye ukodishaji. Huko nako kipimo changu cha tumbo juu hakifai. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta pwani ya Alaska mwaka 1989, watafiti waligundua kwamba mayai ya samoni waridi yakiguswa na mafuta kidogo tu bado huanguliwa, na samaki hukua. Ukimpasua, moyo una umbo lisilo la kawaida, na ukimshindanisha kuogelea, wenzake wanamwacha.