Simenti Haiponyi Kilwa

Nimeulizwa tena, safari hii na jamaa wa Tegeta aliyetoka kutembea Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale: "Sasa fundi, ule msikiti si mngeupiga lipu ya simenti ukatulia?" Hapa Dar kila mtu aliyewahi kusimamia mafundi wawili ana ushauri huo.

Jamani, hapana.

Kuta za Kisiwani ni matumbawe na chokaa. Tumbawe lina vitundu: linanyonya maji ya mvua, unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari, kisha unyevu unatokea kwenye chokaa, iliyo laini kuliko jiwe. Ukiuziba uso kwa simenti, maji yanatafuta pa kutokea na hayapati. Nyuma ya lipu chumvi inaganda, chembe zinakua, zinasukuma. Kinachomeguka ni tumbawe. Siku lipu ikibanduka, inaondoka na uso wa jiwe la karne ya 14. Simenti yenyewe iko nzima kabisa, hongera.

"Lakini simenti ina nguvu." Ndiyo ubaya wake! Katika ukuta wa aina hii, mota, yaani chokaa inayoshikanisha mawe, ndiyo inayotakiwa kufa kwanza. Mota utaikwangua na kujaza nyingine. Jiwe lililochongwa kwa mkono utalitoa wapi?

Na msiniambie chokaa ni ya kimaskini. Husuni Kubwa, ikulu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman yenye kidimbwi cha pembe nane, imesimama kwa chokaa. Msikiti Mkuu nao ulikarabatiwa na wenyewe: nguzo za tumbawe zima ziliposhindwa, wakaweka za vipande vilivyounganishwa.

Kinachoninyima raha ni kwingine. Chokaa ya jadi huchomwa kwa kupanga matumbawe juu ya magogo, mikoko ikiwemo. Mikoko hiyohiyo ndiyo kinga ya ufukwe, na pale Gereza, ile ngome ya kale ya Kisiwani, bahari imekwisha kula sehemu ya ukuta. UNESCO iliiondoa Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014, ila mawimbi hayakuarifiwa. Nikate mikoko niokoe ukuta, au niache ukuta niokoe ufukwe? Chokaa ya dukani naitumia, ila mfuko mmoja unashika vizuri, mwingine ni vumbi tupu, kwa hiyo kila mara najaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha pembeni, nasubiri masika yapite, ndipo naendelea. Wafadhili hawapendi kusubiri masika.

Mnaokwenda: kibali kinakatwa Kilwa Masoko, upande wa bara, kabla ya kupanda mashua. Na msipande juu ya kuta kupiga picha.