Gridi Ndogo za Sola Visiwani Lamu: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Umeme wa gridi ndogo, yaani mtambo wa sola unaohudumia kijiji kizima, unapoanza kukatika saa nne usiku, neno la kwanza barazani huwa kwamba paneli ni chache na ziongezwe. Kwa kuwa Lamu imo katika kaunti 14 za mradi wa serikali wa kupeleka sola maeneo yaliyo mbali na gridi ya taifa, dhana hiyo yafaa ichunguzwe kabla ya kutoa fedha. Mara nyingi upungufu hauko kwenye paneli. Betri zikishajaa mchana, kidhibiti cha chaji huzuia umeme usiokuwa na mtumiaji, na jua lote la alasiri hupotea bure. Kisha baada ya magharibi kila nyumba huwasha taa, feni na televisheni kwa pamoja, na mzigo wote ukaziangukia betri. Dawa yake ni kuhamishia mchana kazi nzito, kama vile kupampu maji, kusaga nafaka na, kwa vijiji vyetu vya wavuvi, kugandisha barafu. Barafu iliyoganda saa nane mchana huhifadhi samaki mpaka usiku pasipo kugusa betri, na kwangu mimi hiyo ndiyo akiba ya jua iliyo bora kuliko zote. Bei ya umeme wa mchana ikishushwa, watu watahama wenyewe.

Wengine husema kwamba joto likizidi, umeme nao huzidi. Paneli hula mwanga, si joto. Nguvu iliyoandikwa mgongoni mwake hupimwa seli zake, yaani vile vipande vidogo vinavyoiunda, zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu hiyo. Seli zikifika nyuzi 60 wakati wa adhuhuri, zaidi ya sehemu moja ya kumi imekwenda. Ndiyo maana paneli haifai kulazwa juu ya bati bila nafasi ya upepo kupita chini yake. Betri za risasi huumia zaidi, kwani chumba kikizidi joto kwa nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu.

Ipo pia imani kwamba mvua inatosha kuosha paneli. Vumbi huondoka, ni kweli, lakini katika miezi mikavu ya kaskazi mvua yenyewe haiji. Nilipopitisha kitambaa juu ya paneli iliyokuwa karibu na ufuo, kilitoka na weupe wa chumvi, na pembeni palikuwa na kinyesi cha kunguru kilichokauka kama chokaa. Doa hilo si dogo: seli zimeunganishwa kwa mfululizo, hivyo moja ikizibwa huzibana wenzake, nayo yenyewe hupata moto na kuharibika. Kivuli cha mnazi hufanya vivyo hivyo. Paneli ioshwe kwa maji matamu na kitambaa laini, alfajiri kioo kikiwa bado baridi, kwa sababu maji yakimwagwa juu ya kioo chenye moto yanaweza kukipasua.