Ekskaveta Imegoma? Acha Betri, Chukua Mita Kwanza

Mashine inagoma asubuhi saiti, na kabla fundi hajafungua kifuniko, mwenyewe ameshatuma kijana Kirinyaga Road, Nairobi, akanunue betri. Wiki ya pili imegoma tena, lawama zote kwa muuza betri. Wenye mashine, tafadhalini, pimeni kwanza kwa mita ya umeme. Haya hapa madai ya saiti, na jibu la kila moja.

"Stata (mota ya kuwashia injini) ikigonga 'ta!' bila kuzunguka, betri zimekufa."

Mara nyingi sivyo. Mfumo ni wa volti 24: betri 2 za volti 12 kwa mfululizo. Pima kila moja peke yake baada ya mashine kulala. Volti 12.6 imejaa, 12.0 imekaribia kuishiwa chaji, na hilo pekee si kufa. Kisha operator apige stata huku macho yako yakiwa kwenye mita. Betri iliyojaa ikiporomoka chini ya 9.6, hiyo kweli imechoka. Hapo badilisha zote 2, kwa sababu mpya na kuukuu hazipokei chaji sawa na ile mpya itaharibika mapema.

Lakini kila betri ikibaki juu ya 10 na stata bado inajikokota, umeme unapotelea njiani. Weka waya mweusi wa mita kwenye nguzo ya hasi inayokwenda kwenye chasi (nguzo yenyewe, si kichwa cha waya) na mwekundu kwenye mwili wa stata. Piga stata. Usomaji usizidi volti 0.5. Ukiona 2 au 3, ethi (njia ya hasi ya kurudisha umeme) ni mbovu: waya wa injini na chasi, au swichi kuu iliyoliwa na kutu. Rudia upande wa chanya, hadi boliti kubwa ya stata.

Na msiniambie waya ni mzima kwa kuwa mita "ililia" ulipopima kama waya umekatika. Mlio ule unatumia mkondo mdogo mno; waya uliobakiwa na nyuzi 2 utalia vizuri tu. Stata huvuta mamia ya ampea. Kwa ampea 300, ukinzani wa omu 0.01 unameza volti 3. Fungua ethi, piga msasa rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi kwa juu.

"Chomoa betri injini ikinguruma, ujaribu oltaneta (jenereta ya kuchaji betri)."

Usithubutu. Volti huruka ghafla na kuua kompyuta ya injini. Mita inatosha: kwenye betri zote 2 kwa pamoja, injini ikiwa juu kidogo, utafute kama volti 27.5 hadi 28.5.

"Fyuzi ya ampea 10 inaungua, weka ya 30."

Utachoma waya badala ya fyuzi. Chomoa vifaa vya laini hiyo, weka balbu ya volti 24 wati 21 mahali pa fyuzi. Ikiwaka, shoti ipo. Tikisa waya kipande kwa kipande, hasa unaposuguana kwenye shina la boom (mkono mkubwa wa mashine). Balbu ikizimika, umepapata.

"Skrini imetaja sensa, basi sensa imekufa."

Sensa kadhaa hula umeme mmoja wa volti 5, na moja ikipiga shoti huwaangusha wenzake. Hitilafu zikija kwa mkupuo, chomoa sensa moja moja mpaka volti 5 zirudi.

"Kuchomelea ndoo hakuhusiani na umeme wa mashine."

Kunahusiana sana. Zima swichi kuu, toa ethi ya betri, chomoa plagi za kompyuta, kisha bana ethi ya welding kwenye ndoo yenyewe, karibu na mchomo, pasiwe na pini wala beringi katikati.