Je, Wajua Kwa Nini Vijitabu vya Vibonzo vya Wachoraji Wanaojichapishia Huwa Vyeusi na Vyeupe?

Mwanafunzi mmoja wa sekondari mjini Iringa alinionyesha kijitabu cha vibonzo kilichotengenezwa na kijana wa mtaani kwao: kurasa 16, saizi ya nusu ya A4, pini mbili mgongoni. Aliuliza kwa nini ndani hamna rangi hata kidogo, ilhali mchoraji huyohuyo ndiye anayepaka rangi za kupendeza kwenye kuta za maduka na saluni. Yeye alidhani ni uvivu. Si uvivu hata kidogo, na jibu la swali lake linawahusu wachoraji wa Iringa na Mbeya sawasawa na lilivyowahusu wenzao wa San Francisco na Paris.

Tuanze na mashine. Katika kiwanda cha uchapaji kila wino una bamba lake, yaani kipande chembamba cha bati chenye picha ya kuchapwa, na picha ya rangi kamili hupatikana kwa kupandishia wino wa aina nne, yaani samawati, majenta, njano na mweusi, kwa hiyo upande wa karatasi unaomalizika kwa bamba moja la wino mweusi utadai mabamba manne ukitaka rangi. Mabamba hulipiwa yote kabla nakala ya kwanza haijatoka. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba bamba moja ni shilingi 20,000. Kijitabu cha kurasa 16 za A5, kikichapwa kwenye karatasi za A3, kina pande nne za kuchapa: mabamba manne kwa wino mweusi, sawa na shilingi 80,000, au mabamba 16 kwa rangi, sawa na shilingi 320,000. Mwenye kuchapa nakala 10,000 ataona tofauti ya shilingi 24 tu kwa kila nakala. Mwenye kuchapa nakala 100 ataona tofauti ya shilingi 2,400, na huenda hiyo ikazidi bei anayotarajia kuuzia kijitabu chenyewe.

Hapo ndipo duka la steshenari linapokuwa kimbilio. Mashine ya fotokopi haina bamba. Kopi ya kwanza na ya mia moja zina bei ileile, na mchoraji anaweza kutoa nakala 20 wiki hii, aziuze Mwanjelwa, kisha arudi kutoa nyingine 20. Anachopaswa kukubali ni kwamba fotokopi ya kawaida inajua weusi wa unga wa tona na weupe wa karatasi, basi. (Jambo linaloniuma kila nipitapo Mufindi ni kwamba misitu ya misonobari imetuzunguka, na kiwanda cha karatasi kiko palepale Mgololo, lakini kinajulikana zaidi kwa karatasi za kahawia za kufungashia, rimu nyeupe anayonunua mchoraji wetu kwa kawaida imetoka nje ya nchi.)

Gharama hiyo ya mabamba ndiyo iliyowakuta Wamarekani pia. Majarida ya vibonzo yaliyouzwa kwenye vibanda vya magazeti huko yaliweza kuwa na rangi kwa bei ndogo kwa sababu yalichapwa kwa malaki, lakini kuanzia mwaka 1954 wachapishaji wakubwa walijiwekea kanuni kali za maudhui, na mchoraji aliyetaka kusimulia maisha ya watu wazima bila kukaguliwa alilazimika kujitegemea, kwa nakala chache zisizotosha kufidia mabamba ya rangi. Mwaka 1968 Robert Crumb alitoa toleo la kwanza la jarida lake la vibonzo, Zap, huko San Francisco, ndani wino mweusi mtupu, na nakala zikatembezwa mtaani ndani ya kigari cha kubebea mtoto. Mwaka 1981 ndugu wa familia ya Hernandez, kutoka Oxnard, California, walijichapishia toleo la kwanza la Love and Rockets, na mwaka uliofuata kampuni ya Fantagraphics ikaanza kuwachapishia.

Kilichoanza kwa ukata kikageuka kuwa uamuzi. Art Spiegelman alichora Maus, masimulizi ya baba yake aliyenusurika kambi za Wanazi, kwa kalamu ya wino ya kuandikia na karatasi za taipureta, tena kwa ukubwa uleule ambao msomaji angeuona kitabuni, ili mkono wake usomeke kama mwandiko wa barua. Kitabu hicho kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Huko Paris, wachoraji saba walianzisha shirika lao la uchapishaji, L'Association, mwaka 1990 wakiukataa kwa makusudi mtindo wa soko la Ufaransa, yaani kitabu cha jalada gumu, kurasa 48, rangi kamili. Mwaka 2000 wakaanza kutoa Persepolis ya Marjane Satrapi, iliyojengwa kwa mabaka mazito ya weusi na weupe. Nasi Watanzania hatukuwa wageni wa mstari mweusi: Chakubanga, mhusika wa vibonzo vya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, alipendwa na watu ambao hawakuwahi kuuliza shati lake ni la rangi gani.

Mashine hufundisha mkono. Kivuli cha kijivu kilichopakwa kwa maji hutoka kwenye fotokopi kikiwa na madoa, kwa hiyo mchoraji hutengeneza kivuli kwa nukta au kwa mistari inayopishana, ambayo kwa macho ya mashine ni weusi kamili. Wengi huchora kwenye A3 kisha hupunguza hadi A5, yaani nusu ya vipimo, hivyo mstari mwembamba kama unywele hupotea njiani. Mzoefu huchora wa kunenepa kidogo. Huko Tukuyu, ambako mvua haina likizo, afadhali rimu ikae ndani ya nailoni, kwa kuwa karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja, hukwama, na tona haiishiki vizuri.

Mwanafunzi yule hakuuliza kwa nini kurasa ni 16, lakini nalo lina sababu. Karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu cha pini lazima kigawanyike kwa nne; hata zile kurasa 48 za Wafaransa ni mikunjo mitatu ya kurasa 16. Namba za kurasa mbili zinazolala bega kwa bega kwenye uso mmoja wa karatasi zikijumlishwa hutoa idadi ya kurasa zote na moja zaidi: katika kijitabu cha kurasa 16, ukurasa wa 1 hukaa na wa 16, wa 2 na wa 15, hadi wa 8 na wa 9 pale katikati kwenye pini. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, mchoraji makini hukunja karatasi nne tupu, huziandika namba, kisha hupanga hadithi humo, akiweka tukio la kushtua kwenye kurasa za namba shufwa, kwa maana hizo ndizo msomaji hawezi kuziona mpaka afunue.