Soma kwanza nani aliachwa nje: makala ya FEAST kama mfano

Madaktari walio mafunzoni wakiniletea makala ya utafiti, wengi wameshasoma ikisiri na hitimisho, basi. Huwaomba waviweke kando hivyo viwili na wafungue sehemu ya mbinu. Ikisiri ni mtafiti akiisemea kazi yake; kwenye mbinu ndiko unakoona alichofanya hasa.

Makala ninayoitumia zaidi ni ya utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141 waliofika hospitali wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Swali lilikuwa la wodini kabisa: tuwaongezee maji mengi ya mshipa kwa haraka, au tuwape kiwango cha kawaida tu? Miongozo ya wakati ule ilisema yaongezwe haraka. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyoongezewa (moja alibumini, yaani maji yenye protini ya damu, jingine maji ya chumvi) walifariki 10.6% na 10.5%. Katika kundi linganishi, lisiloongezewa, 7.3%.

Sasa shika kalamu. Ukisema hatari ya kifo ilipanda kwa 45%, ni kweli. Ukisema ni vifo 3 hivi zaidi kwa kila watoto 100, ni kweli vilevile, ila msikilizaji anapata picha tofauti kabisa. Makala ikikupa namba ya kwanza peke yake, rudi kwenye jedwali, chukua vifo, gawanya kwa idadi ya watoto waliokuwa katika kundi. Simu yako inatosha kwa hesabu hiyo.

Halafu kuna suala la usiri, yaani kuficha nani anapewa nini. Madaktari na wauguzi wa FEAST walijua mtoto yupi anapewa nini. Wapo wanaoona hivyo, wakaandika "upendeleo" pembeni na kuifunga makala. Huo si uhakiki. Uliza upendeleo huo ungepenyea wapi. Kundi la mtoto lilipangwa kwa bahasha zilizofungwa, zisizoonyesha kilichomo, kwa hiyo daktari hakuweza kumchagulia aliye mahututi. Kilichohesabiwa ni kifo, na kifo hakikadiriwi kwa macho. Kingekuwa "hali imeboreka kiasi", ningekuwa na mashaka makubwa.

Mfadhili pia mtafute, mstari wake huwa mwishoni. Hapa fedha zilitoka Medical Research Council ya Uingereza, na maji yalitolewa bure na kampuni ya Baxter. Matokeo hayakuibeba bidhaa ya mtoaji.

Penye mjadala wa kweli ni hapa: watoto hawa walikuwa akina nani? Bonyeza ukucha wa mtoto, achia, hesabu. Rangi ikichukua sekunde 3 au zaidi kurudi, hiyo ni dalili mojawapo kwamba damu haizunguki vizuri. FEAST ilimpokea mtoto mwenye dalili moja ya namna hiyo, mradi pia fahamu zimepungua au anapumua kwa shida. Shirika la Afya Duniani lilitaka dalili kadhaa zikutane kwa pamoja ndipo isemwe mtoto ana mshtuko wa mzunguko wa damu (shock), na kwa kipimo hicho walibaki watoto 65 tu. Wakosoaji walishikilia hapo, na hoja yao ina uzito. Lakini kundi la watoto 65 ni dogo mno kuamulia lolote, kwa upande wowote.

Sasa soma orodha ya walioachwa nje: wenye kuhara, wenye utapiamlo mkali, walioungua. Kwa hiyo anayesimama kwenye kikao cha asubuhi na kusema "FEAST imekataza dripu kwa watoto" hajaisoma. Mtoto aliyekauka kwa kuhara hakuwamo kabisa, na matibabu yake yanabaki kama yalivyo. Ila kama wodi yako haina mashine za kupumulia na anafika mtoto wa malaria kali, mikono baridi, anahema kwa shida, makala hii inamhusu yeye hasa, kwa sababu hospitali zilizoshiriki zilikuwa kama yako.