Je, wajua kwa nini picha 12 zinatosha kukitembeza kijiko?

Mtu anayetengeneza katuni kwa kujifurahisha hahitaji studio. Anahitaji meza isiyotikisika, taa moja, simu iliyobanwa kwenye stendi, na jioni ndefu. Anachukua kijiko, anakitia miguu ya waya, anakipiga picha. Anakisogeza milimita chache, anainua mguu mmoja, anapiga nyingine. Pazia lazima lifungwe, kwani mwanga wa jua hubadilika na kivuli kitarukaruka kwenye filamu. Shati nalo liwe lile lile la giza tangu mwanzo hadi mwisho, maana kijiko ni kioo na chochote anachovaa kitaonekana humo. Mwishowe ana picha 120. Zikichezwa kwa kasi ya picha 12 kwa sekunde, anapata filamu ya sekunde 10: kijiko kinatembea, kinajikwaa, kinageuka kutazama kilichokikwaza.

Lakini hakuna picha hata moja kati ya hizo 120 ambamo kijiko kinatembea. Kila moja inaonyesha kijiko kilichosimama tuli. Basi ule mwendo umetoka wapi?

Jibu ambalo wengi wetu tumefundishwa ni kwamba jicho huendelea kuishikilia picha kwa muda mfupi baada ya picha yenyewe kutoweka. Hivyo ya kwanza inaungana na ya pili, ya pili na ya tatu, na mshono hauonekani. Ni jibu fupi, linaeleweka upesi, na limerudiwa vizazi na vizazi. Ila si sahihi, na ukilifuata mpaka mwisho wake utaona linajipinga lenyewe.

Tuanze na sehemu iliyo kweli. Jicho linashikilia mwanga, hilo halina ubishi. Zungusha kijinga cha moto gizani utaona duara zima la moto. Mwaka 1825 daktari Mwingereza John Ayrton Paris alitoa kichezeo kilichotumia jambo hilo: kisahani cha karatasi chenye ndege upande mmoja na tundu upande wa pili. Ukikizungusha upesi kwa nyuzi zake, unamwona ndege akiwa ndani ya tundu. Sasa tazama kilichotokea. Picha mbili zimeungana jichoni sawasawa na jibu letu linavyodai, na matokeo ni ndege na tundu kwa pamoja. Ndege hajaruka, wala hajasogea. Kuungana kwa picha kunazaa picha moja iliyorundikana, basi. Kama picha za kijiko zingeungana namna hiyo, tungeona ukungu wa vijiko vilivyopandana, si kijiko kinachopiga hatua.

Ushahidi mkali zaidi ulitolewa mwaka 1912 na mwanasaikolojia Max Wertheimer, aliyefanya majaribio yake Frankfurt. Aliwaonyesha watu mstari mmoja, ukatoweka, kisha wa pili ukatokea pembeni kidogo. Nafasi ya muda kati ya miwili ilipokuwa karibu milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde, waliona mistari miwili ikifuatana. Ilipokuwa karibu milisekunde 30, waliona mistari yote miwili kwa wakati mmoja, imetulia. Katikati ya hapo, kwenye milisekunde 60 hivi, waliona mstari mmoja ukihama kutoka huku kwenda kule. Hiyo 30 ndiyo inayolimaliza jibu la zamani. Pale ndipo mabaki ya mstari wa kwanza yalipokuwa bado na nguvu jichoni, na pale pale ndipo mwendo ulipokosekana.

Hata Peter Mark Roget, daktari Mwingereza ambaye hutajwa mara nyingi kama mwanzilishi wa maelezo haya, hakuwa anazungumzia picha zinazocheza. Makala yake iliyosomwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi jijini London, mwaka 1824 ilihusu gurudumu linalopita nyuma ya nguzo za uzio, na kwa nini spoki zake huonekana zimepinda na kusimama. Alikuwa anaeleza jinsi kitu kinachokwenda kinavyoonekana kimetulia. Sisi tunatafuta kinyume chake. Visahani vya kwanza vya michoro inayocheza vilikuja miaka michache baadaye, karibu na mwisho wa 1832. Joseph Plateau wa Ubelgiji na Simon Stampfer wa Vienna walivibuni kila mmoja kivyake, na vilifanya kazi vizuri. Ni maelezo yake tu yaliyokwenda kombo.

Mwendo hutambuliwa na mishipa ya fahamu iliyopewa kazi hiyo tu. Mwaka 1956 Wajerumani wawili, Bernhard Hassenstein na Werner Reichardt, walichunguza jinsi mdudu wa jamii ya fukusi anavyogeuka akionyeshwa michirizi inayopita. Wakapendekeza mtambo mdogo ambao mpaka leo ndio msingi wa mazungumzo haya, na uzuri wake unanifurahisha kila ninapoufikiria.

Tuufananishe hivi, walinzi wakiwa sehemu mbili jirani za jicho: weka walinzi wawili kando ya barabara moja, na mkuu wao katika chumba kisicho na dirisha. Mlinzi wa kwanza akiona mtu amepita mbele yake, anamtuma mjumbe kwa miguu. Wa pili anapiga simu. Mkuu ana amri moja tu: taarifa zote mbili zikifika pamoja, aandike kwamba mtu amepita kutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili, zisipofika pamoja, asiandike kitu. Mtu akipita kwa mwendo wa kawaida, mjumbe yuko njiani wakati yeye anamkaribia mlinzi wa pili, na simu inalia mjumbe akiwa anaingia mlangoni. Mkuu anaandika. Mtu akija kutoka upande wa pili, simu inalia mapema, mjumbe anafika baadaye sana, na mkuu ananyamaza. Kwa hesabu hiyo tu, mkuu ambaye hajaona hata unyayo anajua upande na kasi.

Sasa mtu mmoja achungulie mbele ya mlinzi wa kwanza kisha ajifiche, na baada ya muda unaofaa mtu mwingine kabisa achungulie mbele ya wa pili. Mkuu ataandika yale yale. Hana namna ya kujua kwamba hakuna aliyetembea, kwa sababu taarifa iliyomfikia ni ile ile ya mtu aliyetembea. Ndivyo picha za kijiko zinavyofanya kazi. Ubongo haujazi pengo kwa kubahatisha. Kwa upande wake pengo halipo. Hata vipimo vya Wertheimer vinakaa mahali pake: kwenye milisekunde 30 simu imelia mjumbe akiwa mbali bado, kwenye 200 mjumbe ameshafika na kuondoka.

Kwa binadamu mambo ni mapana zaidi ya fukusi. Tuna walinzi wengi mno, wa umbali na kasi mbalimbali, na kwa miruko mikubwa watafiti wengi wanaona kuna njia ya pili, ya polepole, inayofuatilia kitu chenyewe. Mpaka kati ya njia hizo mbili bado unabishaniwa. Lisilobishaniwa ni kwamba mwendo una sehemu yake ubongoni. Mwaka 1983 watafiti wa Munich walieleza habari za mwanamke aliyeumia pande zote mbili za nyuma ya ubongo. Rangi aliziona na vitu alivitambua, lakini mwendo ulikuwa umempotea. Akimimina chai, aliiona imeganda hewani kama barafu, na hakujua aache lini maana hakuiona ikipanda kikombeni.

Kwa anayekaa mezani na simu yake, haya yote yana faida ya moja kwa moja. Tuseme anataka gwaride la vifungo vya shati, vyote vya aina moja, vilivyopangwa kwa nafasi ya milimita 20. Akivisogeza mbele milimita 15 kila picha, gwaride litarudi nyuma. Kila kifungo kipya kimetua milimita 15 mbele ya pale kilipotoka, lakini milimita 5 tu nyuma ya pale alipokuwa jirani yake, na ubongo huchagua wa karibu. Akivisogeza milimita 20 kamili, gwaride litasimama kabisa. Dawa ni kusogeza chini ya nusu ya nafasi, tuseme milimita 6. Kupaka rangi tofauti husaidia wakati mwingine, lakini ukaribu ndio unaoongoza.

Na hapo ndipo raha ya ufundi huu ilipo. Majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba ukiwasha duara kisha mraba kando yake, watu huona umbo moja likisafiri huku likigeuka kutoka duara kuwa mraba. Ubongo hauulizi kama ni kitu kile kile. Ukaribu wa mahali na wakati unautosha. Kwa hiyo kiatu kinaweza kuwa kasa, kasa akawa kofia, na mtazamaji akaona kiumbe kimoja kinachobadilika, ilimradi kila kipya kiwekwe pale pale kilipoondoka cha zamani.

Mabaki ya mwanga jichoni nayo yana kazi yake, ila ni nyingine. Yanazuia kumetameta. Projekta ya filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde, lakini kifuniko chake huukata mwanga wa kila picha mara mbili au tatu, hivyo jicho linapata miale 48 au 72. Kumeta ni jambo moja, mwendo ni jingine. Ndiyo maana wachoraji huweza kupiga mbili mbili, yaani kila mchoro ukae fremu mbili kati ya hizo picha 24, na michoro 12 ikatosha sekunde nzima.

Inatosha mpaka pale kitu kinaporushwa kwa nguvu. Mruko ukiwa mkubwa na picha zikiwa kali, walinzi hawaafikiani na mwendo unakatikakatika. Mwenye subira hupiga fremu zote 24. Mwenye plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia, huuvuta mpira wake uwe mrefu na mwembamba kwa picha moja au mbili, hadi mkia wake uguse pale pua yake ilipokuwa. Ukisimamisha filamu hapo utakuta kitu kama mwiko. Ikichezwa kwa kasi yake, mpira umerushwa.